Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, walinena.
Nami nimeketi Arua, saa nne za usiku,
mbele ya kompyuta isiyo na kitufe cha F,
nachagua.

Ni ya zahanati moja huko Vurra.
Kumbukumbu gigabaiti mbili, basi,
betri imechoka kama goti la askari mstaafu,
bawaba moja nimeifunga kwa uzi wa fundi viatu.
Mfumo wenyewe ni huru: haudai leseni,
haukuulizi wewe ni mtoto wa nani.
Lakini uhuru nao una maswali yake.
Kiini ni kile kile. Uso ndio wa kuchagua,
eneokazi, pale macho yanapotua asubuhi.

Nikajaribu uso wenye alama ya unyayo:
safi, mtulivu, sebule ya mtu asiye na watoto.
Unatafuta kitufe cha kushusha dirisha, hakipo,
aliyeuchora aliamua hutakihitaji.
Feni ikaanza kulia, nyuki waliochokozwa.

Nikajaribu wa mdalasini.
Jina tu lilinitia hamu ya chai.
Nikanywa chai, nikarudi,
bado ulikuwa unajifungua.

Kisha ule wa kung'aa, na huu naukiri:
ndio ninaolala nao kwangu.
Madirisha yake huyumba yakivutwa
kama gomesi ya bibi anayejua anatazamwa.
Mipangilio ndani ya mipangilio ndani ya mipangilio.
Niliingia kurekebisha saa,
nikatoka baada ya dakika arobaini
nikiwa nimebadili rangi ya kivuli.
Kivuli!
Kwenye mashine ya kuandikia watoto wachanga.

Jana alasiri Sista Letaru alipita,
aproni mkononi, viatu vina udongo mwekundu.
Hakuuliza jina la uso wowote.
Aliweka kidole kwenye kioo, pembe ya chini, kushoto:
"Mimi huanzia hapa. Pasihame."
Akafikiri kidogo.
"Na umeme ukikatika nina dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu. Anguyo, mwenzangu dukani,
alicheka mpaka akashika meza:
"Bwana harusi, umeulizwa mahari!"

Basi usiku huu nimechomoa waya, nimepima kwa saa ya simu.
Uso wa kung'aa: dakika kumi na nane, giza.
Ule mwingine, mkavu, wa kijivu,
wenye kijipanya pembeni kama mhuri wa ofisi ya zamani,
ambao hakuna kijana atakayeupiga picha:
ishirini na tisa.

Kumi na moja za ziada.
Kumi na moja ni nini?
Jina la mama. Kijiji. Saa.
Uzito kwa gramu. Alilia, hakulia.
Na mstari wa chini yake,
maana wakati mwingine wanakuja wawili.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na mimi hapa silali.
Kunguni wa programu hii watamuuma yeye,
saa tisa usiku, tochi mdomoni,
mkono mmoja umeshika kitovu cha mtu.

Waliosema mchagua jembe si mkulima
walisema kweli. Mimi si mkulima.
Nimeshika mpini wa mwenzangu tu,
napapasa palipo na kibanzi.

Nimeweka panya.
Herufi nimezikuza, maana amekaribia hamsini na hataki kusema.
Menyu ipo pembe ya chini, kushoto. Haitahama.
Mandhari ya nyuma nimeacha buluu tupu,
ingawa mkono uliniwasha.

Kwangu nitarudi kwenye madirisha yangu yanayoyumba.
Simuombi mtu radhi.

Limebaki moja.
Kwenye sanduku la mashine zilizokufa
nimepata kitufe cha F, cheusi,
kati ya wenzake wa kijivu kinaonekana kama jino la bandia.
Nimekibonyeza mara tatu.
Kimeitika.
Karibu, Felista. Karibu, Fadimula.
Njoo hata gizani.